Bi Utepe na Ukuta wa Kila Mwezi

Pale chuoni walimwita Bi Utepe, na wengi waliomwita hivyo hawakulijua kabisa jina alilopewa na wazazi wake. Jina la utani lilitokana na kazi. Alikuwa fundi wa maabara ya tishu. Kipande cha nyama kikitolewa mwilini mwa mgonjwa, kinakuja kwake; yeye anakigandisha ndani ya nta, anakikata kwa mashine yenye wembe mkali mpaka kinakuwa chembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, anakilaza juu ya kioo, kisha kinapakwa rangi ili daktari akitazame kwa hadubini. Fundi mwingine akizungusha mpini wa mashine ile, vipande vinamtoka kimoja kimoja, hiki kimekunjamana, kile kimechanika kama shati la mlevi. Bi Utepe akizungusha, vipande vinashikana mkia kwa kichwa na kuteremka mfululizo, utepe mmoja mweupe usiokatika. Anaupokea kwa ncha ya brashi, anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, na utepe unajinyoosha wenyewe.

"Usipumue hovyo hapa," alikuwa akiwaambia wanafunzi wanaomzunguka. "Ukipumua kwa nguvu unampeperusha mtu."

Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye mikono midogo ambayo ungedhani ameiazima kwa mtu mwingine, na cheko lililosikika mpaka ofisi za ghorofa ya juu. Alizungumza na mashine kama watu wanavyozungumza na mbuzi mkaidi. "Haya, twende mama, twende, usinitie aibu mbele za watoto." Na mashine, wallahi, ilikuwa inakwenda.

Mwenzake wa kazi alikuwa bwana mmoja mwembamba, mpakaji rangi wa vipande hivyo, ambaye wote walimwita Kinyonga kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa na rangi aliyozaliwa nayo. Leo vya zambarau, kesho vya waridi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyachagua vizuri. Wawili hao walifanya kazi chumba kimoja kwa miaka mingi, wakigombana kila siku kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, na kila mmoja akimwambia mwenziwe ukweli bila kuupaka sukari.

Mwili wa binadamu una mengi ya kukata: maini, figo, ngozi, tonsili. Bi Utepe alivikata vyote kwa heshima ileile. Lakini kulikuwa na kimoja kilichompendeza kuliko vyote, na hakuficha: ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi.

Sababu yake ilikuwa ya zamani. Alilelewa na shangazi yake, mama mwenye upendo mwingi na subira kidogo. Siku binti alipovunja ungo, shangazi alimpa vitambaa safi, akafunga mlango, akamwambia kwa sauti ya chini, "Hiyo ni damu chafu. Itakuwa inakuja kila mwezi. Usimwambie mtu, na usiulize." Binti alikuwa mtiifu, hakuuliza. Ila swali ukilizuia kinywani haliondoki, linahamia tumboni. Chafu kwa nini? Inatoka wapi? Na kama ni uchafu, mbona wenye afya ndio wanaoupata?

Jibu lilimfikia alipokuwa mwanafunzi wa maabara. Mwalimu wake aliweka kioo chini ya hadubini, akamwambia atazame. Aliona shamba lililopandwa kwa mistari: tezi nyembamba, zimenyooka wima kama mirija, katikati yake seli zimejaa zikigawanyika, zina haraka ya kujenga. "Huyu hedhi yake imekwisha siku chache tu zilizopita," mwalimu alisema. "Ukuta unaanza upya." Akaweka kioo cha pili. Hapo yai lilikuwa limeshatoka, na tezi zilezile zilikuwa zimejikunja, kingo zake zina meno kama msumeno, ndani yake kumejaa chakula. Mishipa ya damu ilikuwa imejiviringa kama springi. Ukuta ulikuwa mnene, laini, umelowa. Mwalimu akaeleza kwamba mimba isipotunga, mishipa ile hujibana, tabaka la juu linakosa damu, linaachia na kutoka. Lile la chini linabaki. Halitoki hata siku moja. Kutoka hapo ndipo ujenzi unapoanza tena.

Binti alikaa na jicho lake kwenye hadubini mpaka mwalimu akamgusa bega.

"Unatafuta nini?"

"Uchafu, mwalimu," alijibu. "Nautafuta siuoni."

Alipokwenda nyumbani likizo alimweleza shangazi yote, kwa mikono na kwa mchoro. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Umesoma, mwanangu, hongera," alisema. "Sasa usiliongee hilo wakati watu wanakula."

Basi, ilitokea kwamba mwaka mmoja, wakati wa likizo, mafundi walikuja kupaka rangi darasa la hadubini. Wakati wa kulihamisha kabati la vioo vya hadubini, mguu mmoja wa kabati ukakwama mlangoni, kabati likainama, na droo mbili zikamiminika sakafuni. Vya moyo na mapafu vilisalimika. Vilivyokwenda ni vile vya viungo vya uzazi vya mwanamke, karibu vyote. Kusema kweli vilikuwa vimeshazeeka. Rangi ilikuwa imefifia hata wanafunzi walikuwa wakichora walichokisoma kitabuni, si walichokiona. Hata hivyo Bi Utepe aliingia akakuta vigae vile vinafagiliwa, akashika kiuno, akanyamaza. Kwake yeye kunyamaza kulikuwa ni msiba.

Mkuu wa idara alikuwa Profesa mmoja mrefu, wa sauti ndogo, mtu wa kusema "sijui" bila kuona haya pale asipojua. Aliwaita ofisini.

"Tutaagiza nje," alisema. "Vinaweza kuchukua mwaka, pengine zaidi."

"Na hawa wa mwaka huu watasomea nini?"

"Picha. Wengi siku hizi wanasomea picha."

"Profesa, picha mtu mwingine ameshakuchagulia pa kutazama. Kwenye kioo mtoto anatafuta mwenyewe, anapotea, anarudi. Kule kupotea ndiko kujifunza." Akavuta kiti bila kuambiwa akae. "Hospitali hii hapa ukuta kwa ukuta na sisi. Wanawake wanafanyiwa upasuaji kila wiki. Tutengeneze vyetu. Mwezi mzima wa mwanamke, kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

Profesa alimtazama Kinyonga. Kinyonga akasema, "Rangi ipo."

Profesa alicheka, akakubali, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuzungumza na kamati ya hospitali. Kamati iliruhusu kwa masharti mawili. Kila mwanamke aulizwe na aridhie kwa hiari yake. Na kila kipande kipimwe kwanza kama kina ugonjwa. Kitakachobaki ndicho kiende chuoni.

Kuuliza ndiko kulikomtoa Bi Utepe maabara. Angeweza kumtuma muuguzi, lakini alisema huwezi kutuma mtu akakuombee kitu kama hicho. Kila jioni baada ya kazi alivuka ua, akaingia wodi ya wanawake, akatafuta kigoda na kukaa chini kidogo kuliko kitanda, ili mgonjwa ndiye awe juu. Akaeleza bila kuzunguka. "Kesho daktari atautoa mfuko wako wa uzazi. Utapimwa, utapewa majibu yako. Baada ya hapo kuna mabaki. Naomba kipande kama ukucha wa kidole, madaktari watoto wasomee. Jina lako halitaandikwa. Ukisema hapana, hakuna kitakachobadilika, na mimi nitabaki rafiki yako."

"Kama ukucha tu?" aliuliza mama mmoja muuza vitambaa sokoni, mwenye sauti ya kuitia wateja. "Dada, chukua wote! Mimi umenitesa vya kutosha. Ukitaka na nyongo yangu nayo chukua." Wodi nzima ikacheka, wengine wakishika matumbo yenye mishono na kumwomba anyamaze.

Kitanda cha pembeni alikuwapo mwanamke wa makamo, mshonaji, aliyesikiliza kwa makini kisha akatikisa kichwa. "Samahani. Sitaki kukaa ndani ya kabati la watu."

"Usiombe samahani, mdogo wangu. Ni mwili wako." Na Bi Utepe akaendelea kukaa pale pale, wakaongea kuhusu cherehani na sindano zinazovunjika, mpaka kengele ya kufunga wodi ikalia. Wauguzi walishangaa. Wao walidhani ataondoka mara tu akikataliwa.

Kidogo kidogo mkusanyiko ukajaa. Wakapata ukuta wa siku zenyewe za hedhi, umemomonyoka, damu na vipande vya tezi vimetapakaa. Wakapata ule mfupi wa baada ya hedhi, na ule unaokua, na mmoja wa siku chache tu baada ya yai kutoka, ambao Profesa aliushangilia kama mtoto: chini ya kila kiini cha seli kulikuwa na kiputo kidogo kitupu, viputo vimepangana safu, ishara kwamba seli zimeanza kutengeneza chakula. Wakapata hata wa bibi mmoja aliyekwisha koma hedhi zamani, mwembamba, umetulia, tezi chache zimelala.

Mmoja tu ulikataa kupatikana: ule uliojaa, wa wiki ya mwisho kabla ya hedhi. Mara mgonjwa alikuwa ametumia dawa za homoni za kuzuia damu, na dawa hizo huvuruga sura ya ukuta. Mara uvimbe ulikuwa umeukandamiza ukabaki kama karatasi. Muhula ulikuwa unakaribia na nafasi ile kwenye droo ilikuwa tupu.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo ambalo Bi Utepe hakumwambia mtu. Hedhi yake mwenyewe ilikuwa imegeuka mafuriko. Siku hizo alivaa nguo nyeusi tu, alibeba mkoba mkubwa, na akipanda ngazi alisimama katikati, akainama kama anayefunga kamba za viatu.

"Bi Utepe," Kinyonga alimwambia siku moja akiwa nyuma yake kwenye ngazi, "viatu vyako havina kamba."

"Mambo ya viatu vyangu yanakuhusu nini?"

"Mficha maradhi, dada."

"Kifo humuumbua, najua. Pita, unanizibia njia."

Ajabu ya binadamu ndiyo hiyo. Alikuwa amekaa vigodani akiwabembeleza wanawake wengine wasione haya, amewaambia wangapi kwamba damu nyingi kupita kiasi si ya kuvumilia, na yeye mwenyewe akivumilia. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa jibu. Alikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa sekondari, na kwa miaka yote alikuwa akitamani wa pili. Umri ulikuwa umeanza kufunga milango, lakini alikuwa bado ameweka mguu mlangoni.

Alizirai asubuhi moja mbele ya mashine. Hata kuzirai alizirai kwa utaratibu: alifunga mpini, akafunika wembe, akasema "Kinyonga, njoo," ndipo akaanguka. Kinyonga alimdaka kwa mikono ya zambarau, na alama za vidole vyake zilibaki kwenye koti jeupe, mpaka leo hazijatoka.

Daktari wa wanawake aliyempokea alikuwa zamani mwanafunzi wa chuo kile kile, mmoja wa wale walioambiwa wasipumue hovyo. Alimpima, akampiga picha ya tumbo, na hakumficha. Uvimbe ulikuwa mwingi na mkubwa, damu mwilini imepungua sana. Ataongezewa damu, atapewa dawa za kurudisha nguvu, kisha mfuko wa uzazi utolewe. Ovari, vile vifuko vya mayai, zitabaki.

"Na kizazi hakitabaki," Bi Utepe alisema.

"Hakitabaki, mama. Pole sana."

Alitoka akakaa kwenye benchi la ua wa hospitali. Alikuwa amevikata vizazi vya watu wengi, akavijua tabaka kwa tabaka, na ujuzi wote huo haukumsaidia chochote saa ile. Alilia kama mtu yeyote. Mumewe, fundi umeme, aliitwa akaja mbio na mkoba wake wa bisibisi begani, akakaa naye bila kuuliza. Watu walipita. Baadaye sana mkewe akasema, "Nilikuwa nataka mwingine."

"Najua."

"Hukuwahi kusema kama unajua."

"Ulikuwa unaliweka kando jina kila anapozaliwa mtoto wa jirani. 'Hilo zuri, tuliweke la wetu.' Ningekosaje kujua?" Akahamisha mkoba ukakaa miguuni. "Mimi nakutaka wewe, mama watu. Nataka upande ngazi zako kwa cheko, sio kwa kuinama. Huyo mwingine tumempenda bila kumwona, basi. Tutaendelea kumpenda hivyo hivyo."

Maneno hayo hayakuondoa uchungu, ila yaliupa mahali pa kukaa.

Ni wiki kadhaa baadaye, damu ikiwa imerudi na uso umepata rangi, ndipo walipokaa tena na daktari kupanga tarehe. Daktari alifungua kalenda, akamwonyesha wiki tatu zenye nafasi. Bi Utepe alitazama, akahesabu kimoyomoyo, akaweka kidole.

"Hii ya mwisho."

"Wengi wanataka ya mwanzo, walimalize. Mbona ya mwisho?"

"Ukuta utakuwa umejaa."

Daktari aliweka kalamu chini. Alielewa polepole, na alipoelewa macho yake yalilengwa na machozi huku akicheka. "Bi Utepe! Hata wewe mwenyewe hujiachi?"

"Niambie kwanza kama ina hatari. Kama ina hatari, achana na mimi, nipangie unayotaka wewe."

Daktari alifikiri kidaktari, si kwa huruma. Akapitia vipimo tena. Akasema kwa hali yake ya sasa wiki zote tatu ni sawa. "Ila kipande utakachopata kitoke mbali na uvimbe," akaongeza, "usije ukakuta karatasi."

"Sasa unaongea kama mwanafunzi wangu."

Nyumbani habari haikupokewa kwa shangwe. Shangazi, ambaye sasa alikuwa bibi wa fimbo na aliyekuja kumuuguza, aliposikia alikaa wima kitandani.

"Yaani watoto wa watu wauchungulie mfuko wako wa uzazi? Kwa darubini?"

"Kwa hadubini, shangazi. Na hawatajua wa nani."

"Mimi nitajua!"

"Mficha uchi hazai. Nani alinifundisha hiyo?"

"Nilikufundisha methali," shangazi alisema kwa uchungu, "sikukufundisha kunipiga nayo." Lakini kesho yake asubuhi alikuwa akimkanda miguu, akauliza kama anazungumza na ukuta, "Na hicho kipande, kinauma kikikatwa?" Akaambiwa hakiumi, kimeshatoka. "Haya," akasema. Ruhusa yake ilikuwa hiyo.

Upasuaji ulikwenda salama. Kipande kilipimwa, hakikuwa na saratani, Profesa mwenyewe alimpigia simu mumewe kumwambia. Kinyonga ndiye aliyekipokea, akakikausha maji yake hatua kwa hatua, akakigandisha ndani ya nta. Alipokuja kumtazama mgonjwa nyumbani, na vidole vya waridi, alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nta iko tayari. Imetoka vizuri."

"Umeshakata?"

"Sijakata."

"Muhula si umeanza?"

"Umeanza. Wanasoma figo kwanza, Profesa amegeuza ratiba." Akavitazama vidole vyake. "Nimekaa mbele ya mashine mara mbili. Dada, siwezi. Nikichana utanisema mpaka nizeeke. Halafu..." akaacha. "Halafu ni wewe."

Bi Utepe alitaka kumtania, cheko likamshika mshono, akabaki amemshika mkono tu.

Alirudi kazini mwembamba kidogo, akitembea polepole na amri ya daktari ya kutobeba kitu. Kinyonga alimletea bonge la nta juu ya barafu, akalifunga kwenye mashine, kisha akaenda kusimama dirishani na kulifungua bila ugomvi. Bi Utepe aliketi. Alilitazama lile bonge dogo, kipande cheupe ndani ya nta nyeupe. Akazungusha mpini. Utepe wa kwanza ulikatika. Wa pili ukajikunja.

"Haya, mama," alisema, na safari hii haikujulikana anasema na mashine au na nani. "Twende. Usiogope."

Akairudisha nta kwenye barafu, akakaa, akavuta pumzi akaiachia. Alipozungusha tena, utepe ulitoka. Uliteremka mrefu, sawasawa, bila mkunjo, akaupokea kwa brashi na kuulaza juu ya maji. Kinyonga aliupaka rangi siku hiyohiyo, akaukausha, akaufunika, akamkabidhi kioo na kutoka nje kana kwamba ana shughuli.

Bi Utepe aliweka jicho.

Ulikuwepo. Uleule waliokuwa wakiutafuta. Tezi zimejikunja, kingo zimefanya meno ya msumeno, ndani zimefurika. Mishipa imejiviringa kutoka chini hadi karibu na juu. Seli za katikati zilikuwa zimevimba kwa akiba, zimekaa mkao wa kupokea. Uvimbe ulikuwa umejaa kuta zote, umri umekwenda, damu ilikuwa imepungua mpaka mtu akazirai, na bado mwezi ule wa mwisho mwili wake ulikuwa umeandaa kila kitu, haukupunja. Alitazama kwa muda mrefu. Alihisi kitu alichokuwa akikihisi kwa wanawake wote wale wa wodini na hakuwahi kukihisi kwake mwenyewe. Alijistahi.

Mchana ule binti yake alipita akitoka shule, kama alivyozoea tangu mama aanze kuugua, ili warudi pamoja. Bi Utepe alimpisha kwenye kiti.

"Tazama."

"Nini hii? Maua?"

"Kizazi changu."

Binti aliruka, kisha udadisi ukamrudisha. Alizungusha skrubu ya kusogezea, akasema, "Kwa hiyo hapa ndipo nilipokaa bila kulipa kodi."

"Si hapo hasa. Chumba chenyewe ulichokalia kilitoka na wewe. Hiki kimejengwa na kubomolewa mara nyingi mno tangu hapo." Akamwelekeza ashuke chini, mpaka kwenye mstari wa seli zilizobanana juu ya misuli. "Unaona tabaka hilo la chini? Hilo halitoki. Vyote vinajengwa kutokea hapo. Hilo lilikuwepo siku zako."

Binti alitazama tabaka lile kuliko alivyotazama sehemu nzuri za juu. Bila kutoa jicho akauliza, "Na langu nalo linafanya hivi? Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Mbona hujawahi kunionyesha?"

Alikuwa amemweleza binti yake kila kitu kwa maneno, zamani, waziwazi, akajisifu kwamba yeye si kama shangazi. Kumwonyesha, hakuwahi. "Sijui," alisema. "Vuta kiti. Kuna vingine vitano."

Siku ya somo ilipofika Profesa alisema sauti yake imemkauka, jambo ambalo hakuna aliyeliamini, akamwomba Bi Utepe aongoze meza. Wanafunzi walipewa vioo vikiwa vimechanganywa, wakaambiwa wapange mwezi. Wakapotea, kama alivyotaka. Kundi moja likaweka ukuta wa bibi aliyekoma hedhi mahali pa ukuta wa baada ya hedhi, wakabishana, mmoja wao akagundua kwamba hakuna seli hata moja inayogawanyika, wakajirekebisha wenyewe. Kundi jingine likasema kile chenye meno ya msumeno ni ugonjwa.

"Kwa nini ugonjwa?"

"Kimezidi mno. Kila kitu kimezidi."

"Kimejiandaa," Bi Utepe alisema. "Kujiandaa na kuugua vinaweza kufanana kwa mtu mwenye haraka. Tazama tena mpangilio. Kuna fujo hapo?"

Walitazama kwa zamu. Hapana, hakukuwa na fujo. Msichana mmoja wa mbele, mkimya, aliyekaa na kioo kile kuliko wenzake, akainua kichwa.

"Huyu aliyetoa hiki," aliuliza, "yuko hai?"

"Yuko hai," alisema Bi Utepe, "na miguu inamuuma. Nileteeni kiti."

Walicheka. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kucheka. Msichana yule aliitazama hadubini, akamtazama yeye, akasimama. Wakasimama na wengine, hakuna aliyewaambia, na viti vitatu vikafika kwa mkupuo kutoka pande tatu, vikagongana. Nyuma, Kinyonga alikuwa anafuta macho kwa mkono wa zambarau na kujipaka uso mzima.

Bi Utepe alichagua kiti cha katikati, akakaa, akanyoosha miguu.

"Haya, asanteni. Kaeni chini, muda unakwenda," alisema. "Nani ameliona tabaka la chini?"